Siku Maziwa Ilikataa Siagi

Nilipokuwa mutoto kwetu milimani, kule juu fasi mawingu inaingia mpaka ndani ya nyumba, tulikuwa tunaamini maziwa inasikia. Mutu akiwa na kinyongo nyumbani na akanyamaza nayo, unaweza kusuka kibuyu mpaka mikono inakufa ganzi, siagi haitakuja. Maziwa inajua. Njo venye Bibi, mama ya baba yangu, alikuwa anatuambia, na hakuna mutu aliuliza maziwa inajua namna gani. Kuko mambo ya kuuliza na kuko mambo ya kukubali.

Leo niko Amerika, Louisville, upande wa Okolona, kwa kijana yangu, na mimi mwenyewe ni bibi. Sikusoma. Lakini watu wa familia wakigombana, iwe hapa, iwe Columbus, iwe Buffalo, simu inalia kwangu. Nani hakufika kwa matanga ya nani, nani alimwita muke ya ndugu yake muvivu, nani alipita mwenziwe kanisani kama mutu asiyemujua. Yote ninaishika kichwani, na mingi nimeimaliza. Ile moja tu ya maziwa njo ilibaki, na ilikuja kunikuta jikoni, majani ya miti ikiwa inaanguka.

Huku baridi haiingii siku moja. Inatuma kwanza wajumbe. Majani ya mti ya jirani inajaa mbele ya mulango, tunafagia, kesho imejaa tena. Kijana anabandika plastiki kwenye madirisha. Mimi ninatoa mablanketi kwenye mifuko, ninaanika juu ya uzio mpaka harufu ya kufungiwa itoke. Ninapika maharagi mingi, ninaigawa kwenye vikopo vya yogati, ninaweka kwenye firigo. Wajukuu wanafungua wakitafuta yogati, wanakuta maharagi, wananilalamikia kwa kizungu. Ninawajibu kwa kiswahili, kila mutu anaenda zake.

Mwaka huu kijana alipata mufugaji moja inje ya mji, mwenye anauza maziwa mabichi. Nikasema, sasa nitatoa siagi ya kwetu, ya kupaka watoto ngozi wakati wa theluji na ya kutia kwenye maharagi. Niliacha maziwa igande, nikaimwaga ndani ya chupa kubwa ya plastiki, nikakaa, nikaiweka juu ya mapaja. Tangu utoto sikusuka maziwa. Ile mwaka mama yangu aliondoka, Bibi hakutaka tena niguse kibuyu, na kisha vita ikachukua ngombe yote.

Hita ilikuwa haijawashwa. Kijana anapenda tungoje baridi ya kweli. Nikasuka mpaka mabega ikaniuma. Hakuna kitu, ni ile sauti ya maji tu.

Bon, na mawazo ya zamani ikaamuka. Katika hii nyumba ni nani ameficha neno? Nikamufikiria Esperance, muke ya kijana yangu, mutoto wa mji wa Uvira mwenye hajawahi kukamua ata mbuzi. Siku mingi alikuwa ananipita kimya. Anatoka kazini, anasalimia kidogo, anaingia chumbani. Nikaanza kumukusanyia makosa, na ile kazi ninaijua vizuri. Chumvi kidogo kwenye sombe, yale majani ya muhogo. Simu ya mama yake anaipokelea inje. Nikasema, akirudi nitamuuliza: una neno gani na mimi?

Ulimi ulikuwa tayari. Halafu nikaisikia ile swali, na haikuwa na sauti yangu. Ilikuwa sauti ya Bibi.

Ile siku kwetu ilikuwa asubuhi ya ukungu. Mama alikuwa anasuka kibuyu kwenye mulango, mimi pembeni yake. Alitaka kusogea karibu na moto, Bibi akamwambia abaki palepale, moshi itaharibu maziwa. Mama akabaki. Ndugu yangu mudogo, Yeremia, alikuwa kwenye mugongo ya Bibi, amelala. Mama akasuka, akasuka. Jua likapanda, ngombe zikawa mbali, na siagi haikuja.

Bibi akamwita baba. Akamwita shangazi yangu Debora, alikuwa bado musichana. Akasema hapa kuko mutu mwenye ameficha neno ndani ya tumbo, na aliseme mbele ya kibuyu. Njo ilikuwa desturi, kila mutu alitoa yake, anatema mate chini, mambo inaisha. Baba akasema hana kitu. Shangazi akasema ana hasira juu ya kitenge yake yenye ilipotea. Watu wakacheka kidogo. Mama akanyamaza.

"Binti ya watu," Bibi akamwambia, "una neno gani na mimi?"

Mama akasema hana. Bibi akarudilia. Mama akaangalia baba, baba akaangalia inje. Basi njo mama akasema, pole pole, kama mutu anaweka muzigo chini:

"Ni mutoto. Nilikuomba nimushushe kwa munganga wa hospitali, ukakataa."

Kabla ya Yeremia kulikuwa na mutoto mwingine. Alishikwa na homa, Bibi akasema dawa ya nyumbani itatosha. Haikutosha. Mama alikuwa amebeba ile neno tangu siku ya maziko, na alilisema mara moja tu, pale, mbele ya kibuyu.

Bibi hakujibu juu ya mutoto. Alisema tu: mumesikia mwenye anafunga maziwa yetu. Mutu akifunga maziwa, kesho atafunga matumbo ya ngombe, kesho kutwa ya watu. Na alisema neno lingine lenye lilinikaa: mwenye anaficha neno kwenye nyumba ya maziwa, maziwa yenyewe itamufukuza. Kabla ya jioni mama alikuwa amefunga kitambaa chake, anarudi kwa wazazi wake. Baba alimusindikiza mpaka kwenye kijito, akarudi. Kesho yake shangazi Debora alisuka ile kibuyu, na siagi ikakuja haraka, nzuri, ya manjano. Watu wote wakaona. Ata mimi niliona, na nikaamini.

Yeremia ndiye alikulia mikononi ya Bibi. Kikombe ya kwanza ya maziwa ilikuwa yake. Na kila alipouliza mama, alijibiwa mama yako alifunga maziwa ili ufe njaa.

Miaka ilipita. Baba akauawa, Bibi akafia njiani, tukafika kwenye kambi Burundi. Mama akasikia tuko kule, akatutafuta. Alikuja na viazi vitamu ndani ya beseni. Yeremia alikuwa ameanza kuota ndevu. Alikuwa amechuchumaa, anafunga kamba za hema. Mama akamwita kwa jina. Yeremia aliangalia ile kamba. Aliifunga, akaifungua, akaifunga tena, mpaka mama akaniachia viazi, akaenda. Alifariki kwenye kambi ingine, wakati majina yetu ya kuja Amerika ilikuwa bado haijatoka.

Donc, nilikuwa na hii yote kichwani, chupa juu ya mapaja, wakati Esperance aliingia kutoka kazini, anatetemeka. Hakuuliza mutu, aliwasha hita. Akaninyanganya chupa.

"Mama, pumzika. Mikono yako imekuwa barafu."

Akafunga chupa ndani ya koti ya mutoto, akaiweka karibu na lile tundu ya chini fasi hewa ya moto inatokea. Akatengeneza chai. Kisha akaichukua ile chupa, akaitikisa tu kwa mukono moja, huku ananielezea venye mukubwa wake wa kazi anatembea kama bata. Nikasikia sauti inabadilika. Kitu kizito kinagonga ndani.

"Kumbe ilisikia baridi tu," akasema.

Na kunyamaza kwake? Jino ilikuwa inamuuma. Alikuwa anaogopa kuniambia juu nitampa dawa ya majani.

Nililia, akafikiri ni furaha ya siagi.

Kesho yake nikamupigia shangazi Debora. Ako muzee sana sasa, anaishi Columbus, upande wa Northland, na binti yake. Kunitoa mimi, yeye tu njo alibaki mwenye aliona ile siku. Nikamwambia nimejifunza kitu kwa uzee, maziwa ya baridi haitoi siagi.

Akacheka. Akasema mwanamuke gani wa kwetu hakujua hiyo? Kibuyu inakaa kwanza karibu na moto.

"Na ile siku ya mama?" nikamuuliza.

Akaacha kucheka. Nilikuwa ninasikia televizyo ya kwao na watoto wanapita.

"Ile siku kibuyu ililala inje, kwenye umande," akasema. "Mama yangu, bibi yako, aliiweka kwa mikono yake. Mimi niliiona."

Nikamuuliza mbona mama yangu hakusema. Akasema alijua, lakini bibi-arusi atasema nini. Nikamuuliza kwa nini Bibi alifanya ile.

"Aliogopa ile neno ya mutoto. Alijua iko siku mama yako atalisema. Likitoka lenyewe, watu watasema ni kweli. Likitoka mbele ya kibuyu, watasema ni uchawi."

Akaniomba nisimwambie Yeremia. Akasema Yeremia si kijana tena, moyo yake ni mugonjwa, na yule bibi njo mama mwenye alimujua. Nikamuaga bila kuahidi.

Theluji ikakuja, na mimi bado ninaibeba. Nilikuwa ninakunja nguo za watoto, ninaifikiria. Ninapanga viatu vyao karibu na hita vikauke, ninaifikiria. Nikinyamaza, mama yangu atabaki muchawi katika kinywa ya mutoto wake mwenyewe, na ya wajukuu wake wenye Yeremia amewaelezea hadithi ya maziwa kule Cheektowaga, karibu na Buffalo. Nikisema, ninamunyanganya ndugu yangu mikono yenye ilimulea. Katika ugomvi yote yenye nilikalia, kila mara kulikuwa na watu wawili wa kupatanisha. Hapa wawili wote wako chini ya udongo, na mwenye anaumwa ni wa tatu.

Nikamupigia Yeremia. Alikuwa ametoka kukwangua theluji juu ya gari, anahema. Nikamwambia akae. Nikamwelezea yote kutoka mwanzo, kibuyu kwenye umande, moto yenye mama alikatazwa, siagi ya kesho yake. Hakunikatiza.

"Yaya," akasema, njo venye kwetu tunaita dada mukubwa.

"Niko."

"Ile siku ya kambi, alikuwa amevaa nini? Mimi sikuinua macho."

Mimi mwenye ninashika maneno ya kila mutu. Nilitafuta. Nilikumbuka viazi, nilikumbuka beseni yenye tundu yake ilizibwa na lami, nilikumbuka sauti yake inamwita. Nguo, hapana. Nikamwambia, kitenge ya kijani.

"Ya maua?"

"Maua madogo, ya manjano."

Akalia pole pole, kama mutoto hataki bibi yake asikie kwenye chumba ingine. Nilibaki kwenye simu mpaka alimaliza.

Nimewahukumu waongo wengi katika hii familia, na sikumuonea huruma ata moja. Sasa Yeremia ananipigia, ananiambia amemuota mama, amesimama karibu na hema, amevaa kijani. Ninamujibu, ndiyo, njo yeye.