Macho ya Yaya Siku ya Kura

Wakubwa wangu wa zamani wamenitumia ujumbe tena: uchaguzi unakuja, nirudi kufundisha raia. Sijawajibu. Kazi hiyo niliifanya hapa Kindu kwa moyo wote, kanisani baada ya ibada, uani mwa msikiti, sokoni ng'ambo ya mto. Leo nikiona kipaza sauti nasikia uchovu tu.

Tulijidanganya tangu mwanzo. Siku za kujiandikisha watu walisimama kwenye mvua kutwa nzima, na wakubwa wetu wakafurahi: tazama watu wa Maniema wanavyopenda kura! Ningecheka kama si uchungu. Kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho pekee walicho nacho wengi wetu. Watu walitafuta kitu cha kumwonyesha askari kwenye bariere, kile kizuizi cha njia ya Kalima. Kura ilikuwa nyongeza tu, kama anayokutupia muuza chumvi.

Yaya, dada yangu mkubwa, aliijua thamani ya kadi kuliko sisi sote. Wakati wa vita alikuwa akitoka Kalima na mumewe, wakasimamishwa kwenye bariere. Shemeji akatoa kitambulisho chake. Askari akampa mwenzake, mwenzake akaingia nacho kibandani, kisha wakamwita shemeji akichukue. Aliingia. Yaya alimngoja nje mpaka wakamfukuza, na hatukumwona tena. Tangu siku hiyo karatasi yake anaionyesha tu, haimpi mtu. Kadi ya kura aliifunga kwenye ncha ya kikwembe, kitenge alichojifunga, na kulala nayo.

Hata hivyo alikuwa mwanafunzi wangu bora. Alikaa mbele, mikono ikinuka mawese aliyokuwa akiuza, na kuuliza habari za wabunge ambazo wengine waliona haya kuuliza.

"Depite, kazi yake njo nini? Kama harudi kutuona, tunaweza kumutosha kwa kiti?"

Wagombea walipopita na fulana zao na sukari, alipokea sukari, kisha akawauliza habari za bariere. Wote walicheka, isipokuwa mwanamke mmoja aliyesimama akamjibu mpaka maswali yakaisha. Yaya akakariri sura yake na namba yake, akawa anazigusa na kuzigusa tena kwenye mfano wa mashine ya kura niliotengeneza kwa katoni kwa ajili ya mafunzo. Alikuwa amepata mtu wake, na kwa akili yake mwenyewe. Nilijivuna mno.

Siku ya kura tulipanga foleni pamoja. Kijana wa mezani, mpole kabisa, akanyoosha mkono.

"Mama, leta kadi."

Yaya akaionyesha.

"Hapana, mama. Unipatie."

Nyuma watu wakaanza kupiga kelele. Mmoja akatania kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, wakacheka. Mimi nilitaka kulia.

"Yaya, achilia," nikamwambia.

Akaachilia. Kijana akaitazama kadi, akampa mwenzake, huyo naye akampa wa tatu, kama kazi yao inavyotaka. Yaya akaelekezwa kwenye mashine. Alisimama pale shingo imegeukia mezani, kidole kikigusa kioo. Karatasi yenye chaguo lake ilipotoka mashineni aliikunja bila kuitazama, akaitumbukiza sandukuni, akarudi mbio kudai kadi yake. Walimpa.

Nje nikamuuliza kama alimpata yule mama mgombea.

"Sijue," alisema. "Niligusa tu. Macho yangu ilikuwa kwa kadi."

Akaifunga vizuri kwenye kikwembe, akanishika mkono.

"Sasa iko kwangu. Hawawezi kuniacha nirudie, niangalie muzuri?"

Nikamwambia kura ni mara moja tu, na kwamba hilo lilikuwa somo langu la kwanza.

"Ndiyo, ninakumbuka," akasema, na akaketi chini pale pale mlangoni.