Miji Miwili Iliyomgombania Ma Bernadetta

Mwaka wa tisini na tatu, ukitaka kuharibu karamu pale Mwanza, ulihitaji kusema jambo moja tu: Bukoba nayo ni mji. Msukuma wa kwanza angeuliza ni mji upi huo, ule unaolala saa moja jioni? Mhaya aliyekaa karibu angejibu kwamba heri kulala mapema kuliko kuhangaika na ndoo ukitafuta maji ya kunawa, na ziwa zima liko mbele yako. Wangefika kwenye shule, kwenye barabara, kwenye idadi ya wasomi na idadi ya ng'ombe, na wali ungepoa kwenye sinia.

Ma Bernadetta hakuwahi kupoza wali wa mtu. Yeye alikuwa na utaratibu wake. Akiwa Mwanza aliisifu Bukoba, akiwa Bukoba aliisifu Mwanza, na pande zote mbili alikula vizuri.

Alikuwa mjane wa miaka sitini na saba, mwembamba, mwepesi wa kucheka na mzito wa kusahau. Mumewe alikuwa katekista kule Kamachumu. Alipofariki, kibanja chao cha migomba na kahawa kilirudi kwenye ukoo, kwa shemeji yake, kwa kuwa Ma Bernadetta alizaa wasichana tu. Hakuna aliyemfukuza. Aliulizwa tu kila asubuhi, kwa adabu kabisa, kama ameamka salama na kama ana safari yoyote. Wiki ya tatu akaelewa, akafunga kikapu chake, akaondoka.

Walikuwapo mabinti wawili. Mkubwa, Prudencia, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akiishi Butimba pamoja na mumewe Mayala, Msukuma wa maneno machache na tumbo la amani. Mdogo, Odeta, alikuwa na duka la vitenge na mitumba Bukoba mjini, moja ya yale maduka yaliyochipuka kila kona baada ya kuja kwa ruksa ya biashara. Kwa miaka miwili mama yao alisafiri kwa meli, miezi mitatu huku, miezi mitatu kule.

"Kwa Odeta chai ni maziwa matupu," angesema Butimba, akikitazama kikombe chake kwa huruma. Kesho yake maziwa yaliongezeka. Akifika Bukoba, angesukuma kando sahani ya dagaa na kusema, "Vinashuka kooni, mwanangu, vinashuka. Ila wale sangara wa Mwanza, mnofu wao unaujaza mkono." Jioni Odeta angechinja kuku. Hakusema kwamba minofu hiyo ilipanda ndege kwenda Ulaya, na kwamba Butimba walikaanga mapanki, vichwa na mifupa inayobaki viwandani. Shahidi mwerevu hujibu alichoulizwa.

Basi akajihesabu kuwa mwanamke anayegombaniwa na miji miwili, na jambo hilo lilimpendeza sana. Ulikuwa utamu mkubwa kwa mtu aliyetoka kuulizwa kila asubuhi kama ana safari.

Mwezi wa kumi na moja Prudencia alimwita sebuleni. "Mama, umri umekwenda. Huwezi kuzeekea kwenye meli. Krismasi ikifika, uwe umechagua mji mmoja utulie."

Odeta naye alikuwa amesema hivyohivyo. Ma Bernadetta akafurahi moyoni, maana siku ya kuchagua ndiyo siku ya kubembelezwa. Akaanza hata kuwaza namna atakavyomfariji yule atakayeshindwa.

Alipoondoka safari hiyo, Prudencia alimpa barua ampelekee mdogo wake. Ilikuwa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, bila bahasha. Kwa nini apoteze gundi? Nyumba nzima ilijua kwamba mama hajui kusoma. Marehemu baba alikuwa akimsomea kila kitu, kuanzia barua za watoto hadi maandishi ya kwenye mfuko wa sukari.

Hapo ndipo nyumba nzima ilipokosea. Ma Bernadetta alijua kusoma tangu mwaka wa sabini na tano, wakati wa kisomo cha watu wazima, na mtihani aliufaulu. Ila alirudi nyumbani siku hiyo akamkuta mumewe amekaa mlangoni na barua ya Prudencia kutoka shuleni, amevaa miwani, anamngojea amsomee. Akaona hana sababu ya kumnyima mtu raha isiyo na gharama. Akaketi, akasomewa, akaendelea kusomewa miaka kumi na sita. Mume alipokufa, alibaki na ile miwani kikapuni. Mabinti walidhani ni kumbukumbu.

Meli ilitia nanga Kemondo alfajiri, kupakia ndizi. Jua lilipochomoza vizuri, Ma Bernadetta akavaa miwani ya marehemu na kukunjua barua. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kusikia jinsi Prudencia anavyompigania.

"Mdogo wangu mpendwa," barua ilianza, "ni matumaini yangu hujambo, sisi huku ni wazima. Baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni kuhusu mama. Odeta, tusidanganyane, Bukoba ndiko kwenye maisha. Hewa ni safi, ndizi zipo, senene wapo, kanisa liko karibu na watu wanamfahamu. Huku Mwanza maji yanatoka mara mbili kwa wiki, umeme ni wa mgawo, joto linatoka kwenye mawe, na mbu hawana huruma na mzee. Tena Mayala hapendi mama mkwe akae ndani, kwao ni mwiko. Nakuomba umshawishi achague huko."

Alisoma mara mbili. Kisha akavua miwani na kutazama maji. Iliuma. Iliuma kuliko kile kibanja, maana kibanja kilichukuliwa na shemeji, na shemeji si mtoto wake.

Jirani yake safarini alikuwa Sabina, Mkerewe mwenye mabega mapana, mfanyabiashara wa ndizi aliyekuwa na chumba Kirumba. Walifahamiana siku nyingi, kwa kuwa kila walipokutana meli moja Ma Bernadetta alimchagulia mikungu. Sabina akichagua mwenyewe aliuziwa michanga kila mara, na kwa Kihaya asichokielewa.

"Ni barua ya msiba?" Sabina akauliza.

"Ni barua ya sifa. Bukoba inasifiwa humu, usipime." Akaikunja vilevile mara nne. "Mkungu ule wa kushoto usichukue. Umekatwa kabla ya siku zake."

Odeta alipokea barua, akaisoma kimya, midomo ikicheza. Ma Bernadetta aliketi mbele yake kwenye robota la mitumba, mikono mapajani, na uso wa mtu asiyejua alifu wala be.

"Anasemaje dada yako? Nisomee."

Odeta akakohoa. "Anasema... anasema Mwanza ni kuzuri sana, mama. Hospitali kubwa iko mlimani pale, samaki wapo, na kwamba Mayala amekuzoea. Anakuomba ukaishi naye moja kwa moja."

Ma Bernadetta alimtazama mwanawe akisoma maneno yasiyokuwepo, macho yakipita juu ya senene na kutamka samaki. Akajikuta anakaribia kucheka. Uongo huo ulikuwa na bidii.

"Rudia hapo kwa Mayala. Pamenipendeza."

"Mayala... anasema Mayala anakukumbuka, na kwamba atakutengenezea chumba."

"Nilisikia amenizoea."

"Ndiyo, amekuzoea na anakukumbuka."

"Na chumba kiliingia lini?"

"Mwandiko wa dada ni mbaya, mama," alisema Odeta, akaikunja barua haraka na kwenda kumhudumia mteja ambaye hakuwepo.

Wiki mbili baadaye Odeta aliandika jibu. Akalikunja mara nne, bila bahasha, akalitia mwenyewe kikapuni mwa mama yake, aliyekuwa anarudi Butimba. Ma Bernadetta alilisoma bandarini mchana kweupe, akiwa ameketi juu ya kikapu chake akisubiri meli. Sasa hakutarajia kubembelezwa, ila alitaka kujua kama mabinti wamelingana. Walikuwa wamelingana. Mwanza, aliandika Odeta, ndiko kwenye maendeleo na madaktari. Bukoba mvua hainyamazi na baridi inamwingia mzee kwenye magoti. Rugambwa, mume wake, hawezi kula vizuri mama mkwe akiwa mezani.

"Sabina," alisema meli ilipokwisha kung'oa nanga, "kile kitanda cha pili chumbani kwako analala nani?"

"Analala godoro tu."

"Na ukipata mtu wa kukuchagulia ndizi Kemondo, mtu ambaye wenye migomba hawamwezi kwa maneno, utamlipa nini?"

Sabina akahesabu kwa vidole. "Nusu ya faida," akasema, na wakamaliza shauri kabla chai haijapoa.

Siku ya Jumapili kabla ya Krismasi, Winnie, binti wa Prudencia, alipokea komunyo ya kwanza. Odeta alivuka ziwa kuja kushuhudia. Baada ya misa nyumba ya Butimba ilijaa pilau na watu, na wageni walipopungua ikabaki familia mezani. Mayala alikaa upande wake wa kawaida, ule unaotazama ukuta, kama heshima inavyotaka mama mkwe akiwepo. Kwa miaka miwili alikuwa ameujua ukuta ule kila ufa.

"Mama," Prudencia akaanza, "tulisema Krismasi."

"Tulisema." Ma Bernadetta aliinama kwenye kikapu, akatoa miwani ya marehemu, akaipangusa kwa kanga, akaivaa. Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Odeta, barua yako nilisahau kuifikisha. Ngoja niifikishe."

Akasoma. Alisoma polepole, kwa sauti ile ya mumewe kanisani, akitua kwenye kila nukta. Odeta aliweka kijiko chini. Aliposikia habari za Rugambwa kushindwa kula, alijifunika uso kwa pindo la kitenge chake.

Prudencia alianza kutabasamu, tabasamu la mtu aliyeona mwenzake amekamatwa. Lakini mama hakuvua miwani.

"Ya kwako sina hapa, mwalimu, iko Bukoba. Ila wake za makatekista tuna mazoea ya kukariri." Akaikariri yote, kuanzia ni matumaini yangu hujambo hadi mbu wasio na huruma na mzee. Alipofika kwenye mwiko wa Mayala, kitu cha ajabu kikatokea. Mayala aligeuka kutoka ukutani na kumtazama mama mkwe wake usoni, mara ya kwanza tangu aoe.

"Mayu," alisema, kwa jina ambalo kwao humwita mama, "mimi sikusema hivyo. Mimi ukuta nimeshauzoea. Ukiondoka sitajua pa kutazama."

Hakuna aliyejua kama acheke au alie, kwa hiyo Odeta akafanya yote mawili.

"Asante, baba," alisema Ma Bernadetta. "Sasa nichague. Mwalimu wa Mwanza anasema maisha bora yako Bukoba. Mfanyabiashara wa Bukoba anasema yako Mwanza. Ninyi mmesoma, siwezi kuwabishia. Basi ningeshauri mbadilishane nyumba, mkaone faida wenyewe." Akavua miwani. "Mimi nakwenda Kirumba kwa Sabina. Kitanda kipo na kazi ipo. Nyumba ya kuombewa nafasi sina haja nayo."

Prudencia alilia, akasema shida ya maji, akasema mshahara, akasema uchovu. Yote yalikuwa kweli, na mama yake alijua hivyo. Alimshika mkono mpaka alipomaliza. Kisha akaomba afungiwe pilau ya kuondokea.

Kirumba alikaa vizuri. Alisafiri na Sabina kwenda Kemondo, akakagua mikungu kwa kidole kimoja, na wachuuzi wakaanza kuulizia ndizi za Bibi Miwani. Bado, ukimwuliza mji gani ni bora, aliusifu ule ambao hukutoka, kwa sababu mazoea ni mazoea. Ila nyakati fulani, mchana ukiwa mrefu, alipapasa kikapu kama kuna karatasi ndani, na hakukuwa na kitu.

Mwezi wa tatu Prudencia alikuja kumtembelea, kama alivyokuwa akija sasa kila Jumamosi. Akakuta bahasha juu ya kitanda. Ilikuwa imebandikwa gundi pande zote, tena na utepe juu yake. Ilitoka kwa Odeta na ilikuwa haijafunguliwa.

"Mbona hujasoma, mama?"

"Nilikuwa nakungoja. Nisomee."

"Lakini unajua..."

"Najua. Nisomee."

Prudencia akafungua, akaketi kwenye kigoda katikati ya mikungu. Ma Bernadetta akavaa miwani, akasogea nyuma ya bega lake, kidole kikifuata mstari.

"Mama mpendwa, huku mvua ni nyingi, barabara ni tope tupu, na umeme umekatika tangu Jumanne. Sina cha kukusifia. Nimekukumbuka. Njoo."

Prudencia akashusha barua mapajani. Nje, wachukuzi walikuwa wakigombea mkokoteni.

"Rudia hapo," alisema Ma Bernadetta.

Prudencia akarudia. Maneno yalikuwa yaleyale.