Nusu ya Mama

Baba yangu ana wake wawili na hofu moja, nayo ni kusimamishwa mbele ya Mungu akaulizwa kwa nini alimpendelea mmoja. Kwa hiyo hupima. Sukari ni kilo tano kwa mama, kilo tano kwa mama mdogo. Doti za khanga za Idi hutoka duka moja, tofauti ni rangi tu, na rangi yenyewe huichagua akiwa amefumba macho, wallahi nimemwona. Siku mbili yuko kwa mama, siku mbili ng'ambo ya ua kwa mama mdogo. Nyumba ziko Mabawa, zinatazamana, katikati kuna kisima na kamba za nguo. Upande wetu tulikuwa wawili, mimi na mama. Upande wa pili walikuwa mama mdogo na watoto wake sita. Kilo zilikuwa tano kwa tano vilevile. Haki anayoijua baba ni ya wake, watoto hawamo kwenye hesabu.

Mimi ni fundi wa mitandao. Nafanya kazi Raskazone, kwenye ofisi ya kupitisha mizigo ya mpakani, na kazi yangu kubwa pale ni kugawa intaneti. Nyaraka za malori yanayosubiri Horohoro hupita kwanza, simu za wateja hufuata, na mkubwa wa ofisi na mpira wake husubiri, hata akinuna. Kila idara ina fungu lake. Lakini idara ikiwa kimya, fungu lake huazimwa na yenye haja, na mwenyewe akirudi analikuta. Hakuna anayepungukiwa. Ni tiki moja unayoweka kwenye kisanduku kidogo ndani ya ukurasa wa ruta, ule mtambo unaogawa intaneti, basi.

Mtandao wa simu kwenye nyumba zetu hukaa kidole kimoja, ndiyo maana baba aliamua kuvuta intaneti ya nguzo. Alichukua kifurushi kidogo kuliko vyote, akaniita uani baada ya alasiri.

"Gawa katikati," akaniambia. "Nusu kwa mama yako, nusu kwa mama yako mdogo. Nisije nikaulizwa."

Nikagawa, na kwa mazoea ya kazini nikaweka ile tiki. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu ananitazama. Nikamweleza kwa majivuno ya fundi jinsi nusu zitakavyokuwa zikiazimana.

"Yaani mimi nikilala, changu kinakwenda kule?"

"Kinaazimwa tu, mama. Ukiamka unakikuta."

"Nimeshawaazima mume," akasema. "Imetosha. Toa."

Nilicheka, nikatoa. Sisi mafundi huwa tunaacha neno fupi pembeni ya kila tulichopanga, ili fundi mwingine akija aelewe sababu yake. Pembeni ya kile kisanduku kitupu niliandika: Mama hataki.

Sitaki kumsingizia mama peke yake. Yeye alikuwa na uchungu wake, nao ulikuwa wa haki. Nyumba ya kwanza aliikandika kwa mikono yake, na ilipoezekwa tu akasikia kwa majirani kwamba kuna ndoa inafungwa. Lakini na mimi nilikuwa na wangu. Nilipofaulu kidato cha sita baba aliniambia chuo kikuu kisubiri, kule kuna wadogo wengi. Kikasubiri mpaka kikanipita, nikaishia kozi ya miezi tisa ya kuunga waya. Kwa hiyo nilipotoa ile tiki sikuwa natii tu.

Mama alikuwa na simu moja. Alisikiliza mawaidha asubuhi, na mara mbili kwa wiki alizungumza na dada yake wa Pangani. Saa zilizobaki nusu yake ililala. Kule ng'ambo nilikuwa nasikia watoto wakipigishana kelele, "Zima yako, na mimi nifungue!" Nilikuwa nafurahi. Nasema kweli, nilikuwa nafurahi.

Mtoto wa kwanza wa mama mdogo ni msichana. Tangu alipojua kusema hajawahi kunipita bila shikamoo kaka. Mama alipolazwa mwaka fulani, yeye ndiye aliyekuwa akinivushia sahani ya chakula, na kunifulia mashati bila kuambiwa. Huyo ndiye aliyepata bahati ya kuitwa kwenye usaili wa nafasi ya kusomea famasia nje ya nchi. Walitaka kumsaili kwa video, saa nne asubuhi. Wiki nzima alikuwa akijifunza majibu kisimani huku akichota maji. Blauzi nyeupe aliipiga pasi siku moja kabla, akaitundika ukutani.

Siku hiyo mama alikuwa Pangani kwenye arusi, mimi niko kazini. Saa nne kasoro dakika kumi simu yangu ikaita.

"Shikamoo kaka. Kaka, nimeijaribu video, picha inaganda. Watoto wote nimewazimia simu, bado inaganda."

"Marahaba. Jaribu bando la simu."

"Nimejaribu, linakata. Kaka, mama mkubwa hayupo, nusu yake haitumiki. Huwezi kunipa kwa saa moja tu?"

Ruta ya nyumbani huwa naifungua hata nikiwa ofisini. Nilimwambia angoje, na hata kabla sijakata simu ukurasa ulikuwa mbele yangu. Badala ya kuweka tiki nikampigia mama. Kwa nyuma ngoma zilikuwa zinalia na wanawake wanapiga vigelegele.

"Ana baba yake," mama akasema. "Baba yake ndiye aliyesema nusu. Amkamilishie yeye." Akakata.

Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu zangu. Sikuhitaji ruhusa ya mtu kuweka tiki, na mama asingejua mpaka anakufa. Nilimpigia ili nipate wa kukataa badala yangu. Mshale ulikuwa juu ya kisanduku, kidole kiko juu ya kipanya, na kilichonijia kichwani ni fomu yangu ya chuo iliyomaliza miaka juu ya kabati la baba. Nikasema moyoni, na wao waonje. Nikampigia mdogo wangu.

"Haiwezekani," nikamwambia. "Mtambo wenyewe hauna uwezo huo. Ukishagawa, umegawa."

"Hata kwa saa moja?"

"Hata kwa dakika moja."

"Haya kaka. Ahsante kwa kujaribu."

Nilijichukia pale pale kwenye kiti, na bado sikuweka tiki. Niliufunga ukurasa, nikashughulikia lori lililokwama mpakani.

Wale wasaili walimsikia vipande vipande. Walimwomba azime kamera, akazima, sauti nayo ikawa inamezwa. Wakamshukuru. Barua ya kusikitika ilikuja baadaye, akailia kisimani, kamba ya ndoo mkononi. Baba alimwambia haikuwa riziki yake. Barazani kwa wenzake akajisifu kwamba hata intaneti aliigawa kwa haki, na kijana wake shahidi.

Dada yule hakukaa bure. Alijiandikisha chuo cha kompyuta hapa hapa mjini, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Jumamosi moja mchana akaja barazani kwetu na kompyuta ya kuazima. Alitaka kuona ruta ya kweli ilivyopangwa, ajifunzie. Ningeweza kusema nina kazi. Neno nililoliandika pembeni ya kisanduku sikuwa nimelisahau, nilikuwa nimechoka kulibeba. Nikampa neno la siri.

Alisoma mstari mmoja mmoja, kidole kwenye kioo, kama wanavyofundishwa. Kidole kikasimama kwenye kisanduku kitupu. Kikasogea pembeni, penye maneno yangu mawili.

"Hii tulifundishwa wiki ya pili," akasema. Sauti haikupanda.

"Ngoja niiweke sasa hivi."

"Ya nini? Sina usaili."

Akafunga kompyuta, akavuka nayo ua. Jioni ile niliweka tiki. Ilinichukua muda wa kupiga chafya. Mama hajawahi kulalamika kwamba amepungukiwa, maana hajapungukiwa.

Asubuhi yake nilimkuta kisimani anachota maji. Nilisimama nikingoja salamu yangu, kama kila siku. Alitua ndoo, akainamisha kichwa kwa adabu zake zote.

"Shikamoo, fundi."

Nikaitikia marahaba. Hajaniita kaka tena hadi leo. Baba alikuwa anatawadha pale pembeni, akatabasamu, akidhani binti yake anaiheshimu kazi yangu.