Mstari Wangu katika Kitabu cha Wageni

Nyumbani kwangu mjini, mtaa wa Bel-Air, nikikosea neno moja nachana ukurasa na kuanza upya. Kitabu cha wageni cha shule niliyoalikwa hakichanwi. Kurasa zake zimepigwa namba kwa mkono na kila moja ina mhuri. Ukikosea unapiga mstari juu ya kosa, unaweka sahihi pembeni, na kosa lako linabaki pale kusomwa na kila atakayefuata. Mkuu wa shule alinieleza hayo akinipa kalamu.

Ni shule ndogo ya serikali, nje ya mji, mbele ya Luano, mahali lami inapoisha. Aliyenialika ni mama mdogo. Alihama Kambove akaenda kulima huko, na mwaka huu wazazi wamemweka katika komite yao, ingawa wenyeji kadhaa walinung'unika kwamba ni wa kuja na anasema sana. Aliniomba niwasomee watoto hadithi niliyoandika. Sikujua kwamba alikuwa amewatangazia wote kuwa mtoto wake, profesa wa mjini, anakuja.

Mimi si profesa. Niliacha shule kabla ya mtihani wa mwisho, na ninachojua nimekiokota mwenyewe katika vitabu vya mitumba. Jioni ninawasaidia watoto wa majirani masomo yao, basi. Mama mdogo akiniona na vitabu anaona profesa, na sikuwahi kumsahihisha. Kusema kweli, nilipenda.

Watoto walinipokea kwa wimbo wenye neno hilo ndani yake. Nikanyamaza. Nikasoma hadithi yangu, halafu wazazi wakatulisha bukari, yaani ugali, na kuku, nikala. Ndipo kikaja kitabu. Desturi yao ni kwamba maneno ya mgeni yasomwe mbele ya wazazi kabla hajaondoka.

"Andika jina, titre, ile cheo yako, kiisha maoni," mkuu wa shule akasema. "Titre usiisahau, Profesa. Inspekta anaangaliaka pale kwanza."

Juu ya nafasi yangu walikuwepo inspekta, padri, na muuguzi wa chanjo, kila mmoja na mhuri wake. Nilikaa nikiutazama mstari mtupu hadi wazazi wakaanza kukohoa. Kisha nikaandika, kwa mwandiko wangu bora kabisa, bila kufuta hata herufi.

Mkuu alisoma polepole. Kwamba sina cheo wala diploma. Hapo akanitupia jicho, kama anayeniuliza kama aendelee. Kwamba mimi ni mtoto wa dada yake mama wa komite, ninajifundisha mwenyewe, na kwamba watoto wamesikiliza vizuri.

Halafu baba mmoja wa benchi la nyuma akauliza, bila haraka:

"Sasa ile kuku tulichinja ilikuwa ya nani? Ya profesa ao ya mutoto ya mama?"

Wakacheka, wengine bila ubaya. Mwanamke mmoja akamwambia mama mdogo apitishe sahani, akimwita Mama Profesa. Mama mdogo alikuwa anafunga sufuria katika kitenge. Hakuinua uso.

Alinisindikiza hadi barabarani. Nikaanza kumweleza kwamba nisingeweza kuandika uongo. Aliniacha nimalize.

"Ungeniambia miye kwanza, kule ku nyumba," akasema. "Ningebaambia bazazi miye mwenyewe."

Ukweli nilikuwa nao tangu asubuhi. Nilikuwa nao wakati wa wimbo, nilikuwa nao mdomoni pamoja na nyama ya kuku, na haukunisumbua. Ulianza kunisumbua tu nilipoombwa kuuwekea uongo sahihi yangu. Sikuwa mkweli siku ile. Niliulinda ukurasa, nikamtoa yeye sadaka.

Juzi nilipiga simu. Alipokea binti yake, akasema mama yuko shambani. Nilishangaa, kwa sababu ilikuwa siku ya mkutano wa komite, na mama mdogo hakuwa mtu wa kukosa mkutano. Nikamuuliza kwa nini hakwenda.

"Alikataa," akasema. "Ati ku mkutano baende bale banasemaka kweli."