Rulma Iliyosafiri na Samaki

Kwa miezi minne nilikuwa fundi wa mashine za kusaga ambaye hakuna mashine hata moja iliyomjua. Nilikuwa nimemaliza mafunzo, nimepanga kibanda karibu na soko la Kamina, nimechora spana kubwa nyekundu mlangoni, na kila asubuhi nilifagia mbele ya mlango huo mpaka ardhi ikang'aa. Watu walipita, wakanisalimu vizuri, wakaenda zao.

Basi nikaandika jina langu na namba ya simu kwenye vipande vya karatasi, vingi mno, nikavigawa nje ya kanisa baada ya misa. Nilitabasamu hadi mashavu yakauma. Siku mbili baadaye nikanunua karanga kwa mama mmoja pale sokoni. Kufungua kifurushi, namba yangu hiyo hapo inanitazama, imejaa chumvi. Nilicheka mpaka yule mama akataka kujua kulikoni. Nikamwonyesha, naye akacheka zaidi yangu, akainua kopo alilowekea karatasi za kufungia. Robo tatu zilikuwa zangu.

"Nimero yako tuko nayo, mama," akaniambia. "Ni weye njo hatukujue." Yaani namba wanayo, mimi ndiye hawanijui.

Nilirudi kibandani, nikafunga mlango, nikaenda kwa muuza vipuri. Alikuwa mama wa familia ya Kiislamu, wale ambao babu zao walitoka Maniema wakifuata biashara, na duka lake nilikuwa nimelipita mara nyingi bila kuingia, kwa haya tu. Siku hiyo sikuomba kazi. Niliona nyuma yake masanduku matatu ya vipuri vilivyochanganyika, nikamwomba ruhusa nivipange. Alinitazama kama mtu aliyepotea njia, kisha akanisogezea kigoda.

Nilikaa pale alasiri tatu, mikono myeusi kwa grisi, nikimweleza kila chuma ni cha nini. Yeye alinisimulia nani ana mashine gani, kijiji gani, na inakohoa vipi. Tulipata utamu wa mazungumzo hata wateja wakawa wanatusubiri tumalize. Siku ya nne akanitumia mteja wa kwanza. Nilitoka mbio kwa furaha, na nusu ya njia ndipo nikagundua nimevaa ndala mbili za rangi tofauti.

Mteja mwingine akaja na injini ya dizeli. Dizeli sikuijua vizuri. Ng'ambo ya reli alikuwako fundi aliyeijua, papa mmoja, ndivyo tunavyowaita wazee wa kiume, mnene, mkimya, ambaye mji wote ulimwita yeye na ambaye mimi nilimwogopa. Nikampeleka mteja mwenyewe mpaka kwake. Yule papa aliniuliza ninataka nini kwa hilo. Nikasema nataka kutazama. Akanung'unika, akaendelea na kazi, lakini kabla jua halijashuka spana ilikuwa mkononi mwangu na yeye ndiye aliyekuwa anatazama.

Ndipo ikaja ile Jumatano. Mashine ya kijiji kimoja kwenye barabara ya Kabongo ilikuwa imekufa, na Jumamosi kulikuwa na harusi. Kina mama walikuwa na magunia ya mahindi na hawana unga wa bukari, ugali wetu. Mwenye mashine alimpigia muuza vipuri, muuza vipuri akanituma mimi. Nilipoifungua nikakuta rulma, ile pete yenye gololi za chuma inayozungusha mhimili, imepasuka na kung'ang'ania mahali pake. Nilihitaji rulma mpya, na chuma maalumu cha kuivutia ile mbovu. Sikuwa na hiki wala kile.

Nikampigia muuza vipuri. Dukani hakuwa nayo, ila mdogo wake anauza vipuri Bukama, pale mitumbwi inapoteremsha samaki. Nikampigia papa wa ng'ambo ya reli, ingawa kila mtu alijua chuma chake hamwazimi mtu. Akauliza ni kijiji gani. Kisha akasema hataniazima. Atakuja nacho mwenyewe.

Ijumaa mchana pikipiki ya mchuuzi wa samaki iliingia kijijini na vikapu viwili, na ndani ya kimoja, katikati ya samaki wakavu, rulma yetu imevishwa gazeti. Ilinuka kama chakula cha mchana. Papa alikwisha kufika. Alivuta, mimi nikagonga, akavuta tena, na ile mbovu ikachomoka ghafla hata tukaanguka wote wawili chali, na kina mama wakapiga vigelegele kabla hatujafunga hata parafujo moja.

Tulipowasha, mashine ikanguruma, unga ukatoka kama moshi. Nilikuwa mweupe toka kichwani hadi kwenye ndala. Bibi harusi mtarajiwa alinishika mikono tukaruka ruka kama watoto, na yule papa mkimya, sitasahau, alikuwa anacheza bega moja tu, polepole, macho amefumba, kana kwamba bega lile si lake.

Harusi ilikula ikashiba. Wageni walitoka kila upande, na waliporudi kwao walisimulia. Jumatatu simu yangu ililia tangu nilipokuwa napiga mswaki: mashine ya shule, mashine ya parokia, mbili za Kabongo, na mtu wa karibu na Sanga aliyetaka kujua kama ni kweli mwanamke anatengeneza mashine. Nilimwambia ni kweli, na kwamba nina povu mdomoni.

Saa mbili asubuhi nikampigia papa kumwomba anipokee baadhi ya kazi, kwa kuwa mzigo ulikuwa umenizidi.

"Mama," akanijibu, "minyi nilikuwa nashika simu nikuombe weye." Kumbe na yeye wageni wa harusi walikuwa wamemjazia kazi.

Tukagawana safari. Za Kabongo tulikwenda pamoja, na njia nzima alinisimulia habari za dizeli, mtu ambaye nilidhani hana maneno.