Fundi Kushoto na Waya Uliokatwa

Saa mbili asubuhi, Fundi Kushoto anausukuma mlango wa bati kwa bega. Mkono wa kulia uko mfukoni. Wa kushoto unavuta stuli, unafuta vumbi kwenye benchi, kisha unaanza kusuka waya wa shaba kwenye transfoma, mzunguko baada ya mzunguko. Waya ukilegea, anaubana kwa meno.

"Watu wanadhani nilizaliwa natumia kushoto," anasema bila kuinua macho. "Nilifanywa."

Aliyemfanya yuko ng'ambo ya barabara, dukani kwake, anakunywa chai. Ni kaka yake wa tumbo moja.

Miaka sita iliyopita ndugu hawa walitumia benchi moja, wakitengeneza maikrowevu. Mvua zilipoanza, ukuta ulilowa, na kila walipochomeka mashine yenye unyevu, swichi kubwa ilikata umeme. Wateja wakawa wananung'unika mlangoni. Kaka mtu akaona huu sasa ni usumbufu. Akachukua koleo, akakata waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaoshuka ardhini. Swichi ikatulia. Mdogo wake hakuambiwa.

"Transfoma ya maikrowevu si ya redio," anaeleza Kushoto. "Koili yake kubwa ina ncha mbili. Moja imefungwa kwenye chuma cha transfoma yenyewe. Ya pili inatoa volti elfu mbili na ushee. Ethi ndiyo inayokishikilia kile chuma kisipate umeme. Ukiikata, chuma kinaweza kukuua, na kwa macho huoni tofauti yoyote."

Siku ya ajali ncha ya moto, ile ya pili, iligusa nondo za dirisha, zilizozama kwenye ukuta uliolowa. Yeye alikuwa ameshika chuma kwa mkono wa kulia, ndala zake zimelowa chapachapa. Hospitali walimkata vidole viwili. Vilivyobaki havikunjuki.

"Kaka alikuja kuniona na matunda. Akaniambia, 'Mdogo wangu, ndiyo kudra.'" Anaweka waya chini. "Kudra gani inashika koleo?"

Hayo angeyameza. Kinachomkosesha usingizi ni bintiye.

Binti ana miaka kumi na tisa na anapenda umeme kuliko chakula. Wateja wengi walipoacha kumpelekea kazi fundi wa mkono mmoja, binti alivuka barabara akaenda kufanya kazi kwa baba yake mkubwa. Huko, kwa kujifurahisha tu, alichukua transfoma ya maikrowevu mbovu akasimamisha nyaya mbili juu yake. Cheche inazaliwa chini, inapanda ikinguruma, inakatika juu, inaanza upya. Wapita njia wanasimama kushangaa. Baba mkubwa akaona hapo pana biashara, akakiweka kidude kaunta.

Dukani humo hakuna ethi. Kushoto ameshachungulia mwenyewe.

"Nilimwambia, mama, kizime hicho. Akasema, 'Baba, nagusa kwa mkono mmoja tu, wewe ndiye uliyenifundisha.' Nikamwambia na mimi nilikuwa nimegusa kwa mkono mmoja." Anauokota tena ule waya. "Akaniuliza, 'Sasa nirudi kwako nifanye kazi gani?' Inauma, mwandishi. Inauma kuliko mkono."

Ng'ambo ya barabara, kaka mtu anapokea swali kwa tabasamu la mwenye duka. "Mdogo wangu ana kinyongo. Yale yamepita." Na ethi? "Swichi yangu haisumbui hata mvua ikinyesha," anasema, na inaonekana anajivunia hilo. Nyuma yake binti anainama kwenye kaunta, kitambaa mkononi, akifuta kidude chake.

Kushoto anapoambiwa jibu hilo, hacheki wala hatukani. Anainama chini ya benchi, anavuta nondo ndefu ya shaba iliyofungwa kwenye gunia, na waya mpya wa kijani na njano.

Anataka kuipigilia ardhini nje ya duka la kaka yake, Jumapili, wakati limefungwa, ili duka lipate ethi. Ametafuta mahali ambapo udongo haukauki. Nyundo anayo. Amejaribu nyuma ya nyumba yake, lakini nondo inayumba na kuanguka, kwa sababu mkono mmoja hauwezi kuishika na kuigonga kwa wakati mmoja.

Angemwita kijana yeyote wa mtaani akamshikia. Hataki.

"Kaka asiniombe radhi," anasema, akirudisha mkono wa kulia mfukoni. "Mimi nataka Jumapili aje anishikie nondo. Mkono wangu anao yeye."