Sauti Ambayo Saksafoni ya Babu Haikuwa Nayo

Niliisikia saksafoni kabla sijaliona hata geti la baa. Ilikuwa Jumapili alasiri, Kinondoni. Upande mmoja wa barabara duka la simu lilikuwa linapiga singeli kwa kasi ya mtu anayekimbizwa, upande wa pili fundi anakata vyuma, na katikati yao saksafoni inapanda taratibu kama mzee anayepanda ngazi. Moja, mbili, tatu. Ilipofika ya nne ikaruka na kutua ya tano, kana kwamba ngazi ile ina kidato kilichooza.

Nilikijua kidato kile. Kilikuwa cha babu yangu.

Hapa mjini, zamani, bendi yoyote yenye magitaa na saksafoni mbili ilijiita jazz, hata kama wapigaji wake hawakuwahi kuisikia jazz ya Wamarekani. Wenzangu wa jioni za usomaji hawapendi nikilisema hilo. Ni waandishi vijana kama mimi, tunakutana kusomeana kurasa tusizozimaliza, kisha tunasikiliza jazz ya Marekani kwenye spika ndogo kama kopo la maziwa, macho tumefumba. Huwa wanasimulia kwa huzuni habari za wapigaji wa mwanzo kabisa, waliokufa bila kuacha hata santuri moja, ambao leo tunawasikia kupitia santuri za waliowafuata. Niliwaambia na sie tunaye wa hivyo, Chang'ombe. Mmoja akaniuliza kama babu yangu alijua kusoma muziki. Nikamwambia hata barua alikuwa anasomewa.

Babu hakurekodi. Bendi yao iliitwa redioni mara moja tu, na wiki hiyohiyo nusu ya wapigaji wakanyakuliwa na bendi ya mtaa wa pili, iliyokuwa na vyombo vipya na sare za suruali za pekosi, pana miguuni. Babu akabaki na mpiga tumba na hasira. Kilichopo leo ni rekodi ya wimbo wake mmoja, aliyoipiga mwanafunzi wake na bendi nyingine baada ya miaka mingi. Iko mtandaoni, mtu kaiwekea picha ya mlima wenye theluji, na chini yake watu wazima wanalilia ujana wao kwa herufi kubwa.

Mwanafunzi anaruka palepale. Aliyemfuata naye anaruka. Kule kuruka, wapigaji wa dansi wanakuita "mtaro", na ndiko wanakompimia mgeni anayeomba kazi. Wenzangu walipoisikia rekodi, mmoja alisema ule ni ukimya wa makusudi, uasi wa msanii dhidi ya dunia. Nilimpelekea bibi habari hizo, akacheka hadi akashika mbavu.

"Uasi wa nini, mke mwenzangu?" Bibi huniita hivyo tangu utotoni; kwao mjukuu wa kike ni mke wa babu. "Kitufe cha saksafoni yake kilikufa. Akakifunga na mpira wa tyubu ya baiskeli. Kidole kikifika pale, kinapita zake."

Kisha akaacha kucheka, akaniambia asichowahi kumwambia mtu. Wimbo ule babu aliutunga wakati anamtongoza. Alimwambia, pale kwenye kitufe kibovu ndipo ninapokuita wewe. Saksafoni ikipona utasikia ninavyokuita. Nyumbani alikuwa akiuimba kwa mdomo, na ile sauti ya nne ilikuwemo. Lakini aliyoahidi ni ya saksafoni, nayo haikupona, babu akatangulia, na bibi akabaki hajui kama aliitwa kweli au alidanganywa kama wanawake wengine waliopenda wanamuziki.

"Walikuwa na wimbo mmoja na wanawake kumi," alisema. "Mwezi ujao mjomba wako ananihamishia Chanika, hii nyumba inauzwa. Nataka niisikie humu ndani, aliponiambia. Nijue moja."

Ndiyo maana Jumapili ile nilikuwa Kinondoni nikifuata saksafoni kwa masikio.

Mpigaji alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, nywele kazipaka piko nyeusi, shati limefunguliwa vifungo vingi kuliko umri wake unavyoruhusu. Nilimweleza shida yangu wakati wa mapumziko, akiwa anamalizia mishkaki.

"Kwa hiyo mtaro wangu ni ugonjwa wa saksafoni," akasema.

"Ndivyo bibi anavyosema."

"Mie nimeoa kwa mtaro ule, sista. Mara mbili." Akajifuta mdomo. "Sawa, nitakuja. Kuna wali?"

Alikuja Jumanne mchana, Chang'ombe, amebeba saksafoni yake kwenye begi la mchele.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Ndiye wewe unayeruka?"

"Ndiye mimi."

"Leo utatembea. Kaa hapo."

Akakaa kwenye kochi la babu, akapanda: moja, mbili, tatu, akaruka. Akaomba radhi. Akaanza upya, akaruka. Saksafoni yake haikuwa na kasoro yoyote. Alitubonyezea kitufe kile peke yake na kikalia vizuri tu. Lakini kila akikifikia ndani ya wimbo, kidole kilipita juu yake kama kinaogopa kuungua.

"Sie tulikuwaga hatufundishwi," akajitetea, jasho linamtoka. "Unakaa pembeni ya mkubwa, unaangalia vidole. Vidole vyake vikienda, vyako vinaenda. Yule aliyenifundisha mimi alimwangalia mzee wako hivyohivyo. Masikio nani alikuwa nayo? Baa ina kelele."

"Basi watu wazima wote hao mmemwiga mtu mwenye kitufe kibovu," bibi akasema.

"Kwa heshima, bi mkubwa."

"Huyu hakuja kupiga. Kaja kuruka kamba."

Nikaangua kicheko. "Usicheke, mke mwenza," bibi akasema bila kunitazama. "Mume ni wetu wote." Nikaona mkono wake umeukamata upindo wa khanga na hauuachii.

Jamaa akapendekeza aimbiwe. Bibi akajaribu, sauti ikamkwama juu, akakohoa. "Siku hizi sifiki huko," akasema. "Nishushie."

Hilo lilikuwa ombi analolijua mpigaji. Waimbaji wamekuwa wakimwomba hivyo maisha yake yote. Akaushusha wimbo hadi sauti ya bibi ikaufikia, na huko chini vidole vyake vikawa wageni. Hakuna aliyewahi kuvionyesha njia ya huko. Ikabidi amsikilize bibi, akimfuata nyuma nyuma kama mtu anayeongozwa gizani.

Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Nje, fundi gari wa jirani aliendelea kugonga bodi kana kwamba hakuna kilichotokea. Bibi alikuwa ameacha kuimba.

"Rudia," akasema.

Akarudia. Ilikuwa sauti ndogo, laini, inayoinama kidogo mwishoni, kama mtu anapokuita kutoka chumba cha pili na hataki majirani wasikie.

"Aliniita," bibi akasema. Akaachia khanga. Kisha akaongeza, "Lakini mbona fupi hivyo."

Mpigaji akasimama, macho yanamng'aa. "Bi mkubwa, Jumapili nikiipiga hivi Kinondoni, watasema nimevumbua."

"Ukiipiga hivyo baa, watageuka wanawake wote. Wewe kaendelee na mtaro wako."

Nami nilikuwa nimeshatoa simu. Niliwaza sura za wenzangu wa usomaji, niliwaza spika ya kopo la maziwa. "Bibi, mara moja tu, nirekodi."

"Iweke chini."

"Itapotea."

"Haipotei, mimi ninayo. Nyie mna ile ya kuruka, mtandaoni imejaa. Kampakulie wali mgeni."

Mgeni alikula sahani mbili, akasifu samaki, akaifungasha saksafoni kwenye begi lake la mchele. Aliaga kwa heshima zote, akavaa viatu kizingitini, akashuka barazani akipiga mluzi. Mluzi ukapanda: moja, mbili, tatu, ukaruka.

Bibi akatikisa kichwa, akaufunga mlango nyuma yake na kutia komeo.